Jeraha la Mlango wa Mbele

Jumamosi hiyo Baba alikuwa ameahidi kutoa jibu lake la posa saa nne asubuhi, akishamaliza chai, na Kitasa alikuwa amekwisha kuvipanga vikombe mara tatu kabla jua halijafika kwenye paa la jirani.

Watu walimwita Kitasa kwa sababu mbili. Kwanza, alizaliwa katika nyumba ya mafundi vitasa. Pili, hakutamka neno mpaka alipotimiza miaka mitatu, na tangu siku alipofungua mdomo, wanaomjua wanaapa kwamba hajaufunga. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, vidole vimeota sugu kwa kushika tupa ya kusugulia chuma, na kila aliyejifungia nje ya nyumba yake alimkimbilia yeye. Alikuwa mwanamke wa kujiamini. Lakini tangu seremala mmoja mrefu alipokuja kubadilisha mbao za dari miezi mitano iliyopita, kujiamini kwenyewe kulibaki jina tu.

Seremala huyo aliitwa Pima, kwa kuwa hakuweza kupita mbele ya kitu bila kukipima. Alipima ubao mara mbili, kisha mara ya tatu ili ahakikishe hakukosea ile ya pili. Siku ya kwanza aliyomshika Kitasa mkono, alitulia kidogo, akasema, "Kiganja chako kinaingia ndani ya changu na nafasi inabaki." Kitasa alikwisha kusikia maneno matamu ya wanaume wengi, ya nyota na ya asali, na hakuna hata moja lililomfunga mdomo kama hilo.

Pima alifika saa mbili na nusu, mapema mno, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kubeba gunia lililoviringishwa. Hakupita mlango wa mbele. Aliingilia karakana, chumba cha pembeni mwa nyumba, ambako Kitasa alikuwa akijifanya anafagia.

"Umependeza," Kitasa alimwambia, macho yakimng'aa kwa furaha. "Umeniletea nini?"

"Si chako. Ni cha baba yako."

"Zawadi! Wewe mjanja wewe. Hebu nione."

"Kitasa, ngoja kwanza. Kaa."

Hakukaa. Lini alikaa? Alilinyakua gunia, akalikung'uta juu ya meza ya kazi, na shoka likaanguka kwa kishindo kati ya makufuli. Lilikuwa shoka la kawaida, la kupasulia kuni, mpini mpya na chuma kikongwe. Kona ya chini ya makali haikuwapo. Ilikuwa imekatika, pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lenye ncha upande mmoja.

Kitasa aliitazama ile kona, akarudi nyuma. Macho yake yalikuwa hayajawahi kuliona shoka hilo, lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinalijua umbo lile tangu ana miaka tisa.

Ili mtu aelewe kwa nini binti mzima arudi nyuma mbele ya shoka la kuni, ni lazima aijue nyumba.

Mtaa mzima uliiita Nyumba ya Wakuja, ingawa ni zaidi ya miaka sitini tangu hao wakuja waje, na kati ya watu wanne waliokuwa wakiishi humo, watatu walizaliwa humo humo. Babu alifika na mkewe, mfuko wa tupa, na jiriwa la chuma, la kubania kazi mezani, alilolibeba begani siku kumi na moja kwa sababu hakuamini kwamba huko aendako watakuwa na jiriwa la maana. Alipanga chumba kimoja, akaanza kutengeneza vitasa. Kisha akapata kiwanja na kujenga chumba baada ya chumba, kila ndugu mwingine alipowasili kutoka kwao. Ndiyo maana nyumba haikuwa na umbo la kueleweka. Palikuwa na chumba kilichoitwa cha Shangazi, kingine cha Binamu Wawili, na kimoja cha nyuma kilichoitwa cha Asiyefika, kwa ajili ya mdogo wake Babu aliyengojewa mpaka kitanda chake kikaliwa na mchwa. Vyote vilikuwa na vitasa vya mkono wa Babu mwenyewe, na mlango wa mbele, wa mti mgumu kama jiwe, ulikuwa na vinne.

Kisha ukaja mwaka wa wizi. Nyumba saba mtaani ziliibiwa, na katika zote saba hakuna kitasa kilichovunjwa. Nani anaweza kufungua kitasa bila kukivunja? Swali likajijibu lenyewe vinywani mwa watu. Jumapili moja, mchana kweupe, wakaja na mawe, marungu na mafuta ya taa, watu wale wale waliokuwa wakimsalimia Babu kila asubuhi. Babu akatoka kwenda kuzungumza nao. Aliufunga mlango nyuma yake na kuutupa ufunguo ndani kupitia dirishani. Walimpiga pale pale kizingitini, na Bibi akiwa ndani alisikia kila pigo. Halafu mmoja wao akaanza kuukata mlango kwa shoka.

Baba alikuwa na miaka tisa. Alisimama nyuma ya mlango ameusukuma kwa mikono yote miwili, akiamini ataweza kuuzuia, na makali yakapenya shibiri moja tu kutoka sikioni mwake. Mwenye shoka alipolivuta, kona ikakatika na kubaki ndani ya mti. Bibi akanyakua sufuria la maji yaliyokuwa yakichemka, akayamwaga dirishani. Yowe likapigwa. Shoka likanyamaza. Babu alikata roho siku ya tatu.

Mwezi uliofuata mwizi alikamatwa. Alikuwa mlinzi wa mtaa, ambaye wenye nyumba wenyewe walimwachia funguo za akiba kwa mikono yao. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba radhi. Walikuja kuagiza vitasa vipya.

Mlango haukupakwa rangi tena. Pengo lile, ambalo ndani ya nyumba waliliita Jeraha, halikuzibwa. Baba alipopata watoto wake, kila mmoja alipotimiza miaka tisa alimsimamisha mlangoni, akachukua kidole chake cha shahada na kukitia ndani ya Jeraha mpaka kikagusa chuma. "Sema," aliamuru. Na mtoto akasema maneno aliyofundishwa: "Hapa ndipo walipotaka kumuua baba yangu." Kaka aliyasema kwa sauti kavu. Kitasa aliyasema huku makamasi yanamtiririka. Baba aliapa kwamba chuma kile kina mwenzake mahali fulani katika mji huu, na siku vikikutana, mtu atalipa. Akaapa pia kwamba binti yake haolewi na mtu wa mtaa huu. Pima alitoka ng'ambo ya pili ya mji, na hiyo peke yake ndiyo iliyomlainisha mzee.

"Umelitoa wapi?" Kitasa aliuliza.

"Nyumbani. Tunapasulia kuni."

"La nani?"

"La babu yangu. Baba wa baba." Pima alikuwa amesimama wima, mikono imemning'inia. "Tuliambiwa familia yetu imeishi kule tangu zamani. Juzi nimemuuliza mama, akaniambia hapana, walihama. Walikuwa wakikaa nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Mashoka yenye kona mbovu yako mengi."

"Nilipokuwa narekebisha bawaba za mlango wenu, wiki tatu zilizopita, nilitia kidole mle ndani. Nikakuta chuma. Nikabandika karatasi, nikachora kwa penseli, nyumbani nikaulinganisha mchoro na shoka. Unajua nilivyo."

"Najua ulivyo! Ulaaniwe na kupima kwako!"

"Babu alikuwa na kovu la moto, kutoka hapa shingoni mpaka begani. Alituambia aliungua utotoni." Pima alishusha mkono kutoka shingoni. "Bibi yako alimwaga maji ya moto. Uliniambia mwenyewe."

Kitasa alijishika kichwa. Kutoka uani alimsikia Kaka akigonga kitu chini ya lori lake. Kutoka bafuni alimsikia Baba akikohoa na kusuuza wembe ndani ya beseni. Baba alikuwa akinyoa ndevu! Mzee ambaye hunyoa siku za misiba tu alikuwa akijinyoa kwa ajili ya kusema ndiyo.

"Liondoe," alisema upesi. "Lirudishe kwenye gunia, toka nalo, katupe chooni, katupe mtoni, popote. Saa nne atasema ndiyo. Mimi najua atasema ndiyo. Tangu jana ananiita mama."

"Kisha?"

"Kisha tunaoana, tunaishi!"

"Halafu mtoto wetu anafika miaka tisa," Pima alisema polepole. "Baba yako anamshika kidole. Na mimi nimesimama pale, nasikiliza. Nitatazama wapi, Kitasa?"

"Utatazama chini! Watu wangapi wanatazama chini na maisha yanakwenda?"

"Mimi siwezi."

"Kama ungenipenda ungeweza."

"Nakupenda mpaka silali. Ndiyo maana nimelileta mchana, mkononi, si kwa kificho. Nimwambie mimi mwenyewe. Akinikataa, anikatae ananijua."

"Hatakukataa, mjinga wewe! Atakuua!"

Alimtazama, akaona kwamba amekwisha kukata shauri. Uso ule mpole aliokuwa akiuota ulikuwa umejifunga kabisa. Hapo Kitasa akafanya jambo ambalo ni binti wa nyumba ile tu angelifikiria. Alilinyakua shoka, akalibana kwenye jiriwa la Babu, akakaza mkono mpaka taya zikalia, na kushika tupa kubwa kuliko zote zilizokuwa ukutani.

"Unafanya nini?"

"Dakika kumi. Nitakula chuma chote hiki mpaka makali yanyooke. Hakuna kona, hakuna pengo, ni shoka kama mashoka mengine. Kisha kampe umwambie unalotaka, hatakuwa na cha kulinganisha."

"Kitasa, acha."

"Niache!"

Pima alimshika kiwiko, naye akamsukuma kwa bega. Tupa ikaanza kulia. Alisukuma kwa uzito wa mwili wake wote, machozi na jasho vikimwingia mdomoni, unga wa chuma ukimwagika juu ya gauni jipya. Alikuwa hajawahi kufanya kazi mbaya namna ile maishani mwake. Alifikiria mkono wa Pima, na nafasi inayobaki. Hakusikia kwamba bafuni kumekuwa kimya.

"Leo karakana imefungwa," sauti ya Baba ilisema mlangoni. "Nani anasugua?"

Alikuwa amesimama na taulo begani, shavu moja limenyolewa na la pili bado jeupe kwa povu. Kwanza alitabasamu, kwa kuwa aliliona shati jeupe la Pima na kudhani vijana wanachezeana. Kisha akaangalia jiriwa.

Mzee alisogea, akamwondoa binti yake pale kwa kumshika mabega, taratibu. Akainama. Akapitisha kidole gumba kwenye pengo, upande uliokuwa umeng'arishwa na tupa na upande uliokuwa bado na kutu.

"Ulitumia tupa ya meno makubwa," alimwambia. "Ulikuwa na haraka."

"Baba..."

"Ulikuwa unajua hiki ni nini, ukakitia tupa. Wewe. Binti yangu."

"Baba, nisikilize!"

Mzee alifungua jiriwa, mzunguko mmoja mmoja, akachukua shoka na kutoka. Walimfuata wakikimbia kwenye korido nyembamba, kupita chumba cha Shangazi, kupita cha Binamu Wawili, mpaka sebule ya mbele. Baba alipiga goti mbele ya mlango. Aliingiza makali ndani ya Jeraha, akayainamisha kidogo, na chuma kikakutana na chuma. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kitasa kikikubali ufunguo wake.

"Mzee," Pima alisema nyuma yake. "Ni mimi niliyelileta. Nilitaka nikwambie kwa kinywa changu. Yeye alitaka kunizuia, usimlaumu."

"La nani?"

"La babu yangu."

"Yu hai?"

"Alifariki miaka minne iliyopita."

"Alifia wapi?"

"Nyumbani. Kitandani."

"Amefunikwa shuka?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nyinyi mmemzunguka."

"Ndiyo."

"Baba yangu alifia sakafuni," Baba alisema, bado amewapa mgongo, "kwa sababu kila tulipojaribu kumwinua kumweka kitandani, mbavu zililia. Siku tatu. Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko." Akainuka, akamgeukia Kitasa. Povu lilikuwa limekauka shavuni. "Kaka yako yuko wapi? Mwite."

Kitasa hakumwita, lakini Kaka alikuwa amekwisha kusikia. Aliingia ana grisi mpaka viwikoni, akalitazama shoka, akautazama mlango, akamtazama Pima. Hakuhitaji kuelezwa. Wote walisomea shule moja, na mwalimu alikuwa mlango ule.

Ngumi ya kwanza ilimpata Pima kwenye taya na kumgongesha ukutani, picha ya Babu ikaanguka na kioo kikapasuka. Ya pili ilimzama tumboni. Pima alikunjika, akajinyoosha, akabaki amesimama, mikono chini.

"Jitetee!" Kaka alifoka. "Inua mikono, mwana wa muuaji!"

"Sitakupiga, shemeji."

"Mimi shemeji yako? Mimi?" Akampiga mdomoni, damu ikaruka juu ya lile shati jeupe. Akampiga tena. Mtu anayepigwa bila kurudisha humtia wazimu anayempiga, na Kaka alipiga kwa ghadhabu ya kuona mikono ile miwili mikubwa imelala tu. Kitasa alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akaonja grisi na chumvi. Kaka alimkung'uta, naye Kitasa akaanguka juu ya meza ndogo, vikombe vyote alivyovipanga mara tatu vikaenda chini.

"Mnamuua!" alipiga kelele. "Bibi! Bibi, njoo, wanamuua!"

"Mwache," Baba alimwambia Kaka. "Sogea pembeni."

Alikuwa ameshika shoka kwa mikono miwili.

Pima alikuwa ameegemea mlango, amekunjika nusu, jicho moja limeziba, Jeraha likionekana kando ya bega lake la kushoto. Aliliangalia shoka, kisha akamwangalia mzee. "Ukiona ndiyo haki, mzee," alisema, maneno yakitoka mazito kwa midomo iliyovimba. "Lakini mimi nampenda. Sikuja kwa lingine."

"Alikufa kitandani," Baba alisema. Hakuwa akizungumza na Pima tena. Macho yake yalikuwa ya mtoto wa miaka tisa. "Umebaki wewe."

Akainua.

Kitasa hakukumbuka baadaye alivyoinuka kutoka kwenye vigae vya vikombe. Alikumbuka tu kwamba aliukamata mkono wa Pima na kuuvuta kwa nguvu zote alizowahi kutumia kwa jiriwa, komeo na kufuli lolote, na kwamba upepo wa shoka ulimpita sikioni. Lilichana shati la Pima na nyama ya bega lake, kisha likazama ndani ya mlango. Nyumba nzima ilitikisika. Kwenye chumba cha Asiyefika, nyuma kabisa, kitu kilianguka.

Pima alipiga yowe moja fupi, akateleza chini.

Baba alivuta mpini. Shoka halikutoka. Akavuta tena, akaweka mguu mlangoni na kuvuta, akitweta, na hapo katikati ya kuvuta akaona alipo. Akaona binti yake amejibana kwenye mlango, kichwa kiko shibiri moja kutoka kwenye chuma. Mikono ikamwachia mpini.

"Mama," alisema. "Sikukuona."

"Hukuniona," Kitasa alisema. Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja na kukikandamiza begani kwa Pima. Damu ilikipita. "Kaka, nisaidie kumwinua. Kaka! Unashangaa nini?"

Kaka alikuwa amesimama kama mti, sikio linamchuruzika. Alisogea, akamwinua yule aliyekuwa akimpiga dakika mbili zilizopita, akamtegemeza mabegani mwa dada yake. Kitasa alianza kufungua vitasa vya mlango kwa mkono mmoja, cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Unakwenda wapi?" Baba aliuliza.

"Zahanati. Anatoka damu."

"Ukivuka kizingiti hicho na mjukuu wa mtu yule, usirudi."

Kitasa alifungua kitasa cha nne. Mlango ukasogea na mzigo wake, shoka likining'inia kwa ndani, na mwanga wa barabarani ukamwagika juu ya vigae na kioo. Alimtoa Pima nje kwanza, akamkalisha kwenye ngazi. Kisha akageuka.

"Nikirudi nisirudi, Baba, nitazaa, na watoto wangu watafika miaka tisa. Nitawaleta hapa. Nitawashika vidole. Pengo la kwanza najua la kuwaambia, ulinifundisha. Hili la pili niwaambie ni la nani?"

Baba aligeuka kulitazama shoka mlangoni.

Ndipo fimbo ya Bibi ikasikika kwenye korido. Alikuwa amekwisha kupita miaka themanini na mitano, macho yote mawili yana ukungu, na alitembea kwa kugusa kuta alizozijua chumba kwa chumba tangu zikiwa tope. Alipokanyaga vigae vilivyovunjika akasimama.

"Mmepigana," alisema. "Na mmevunja picha yake. Nimekisikia kioo."

"Mama, rudi ukapumzike," Baba alisema. "Limepatikana shoka. Yule kijana ni damu yao."

"Nimesikia kila neno. Macho ndiyo yaliyokufa." Alinyoosha mkono hewani. "Wewe kijana. Uko wapi?"

"Hapa nje, Bibi," Pima alijibu kutoka ngazini.

"Babu yako niliyemwagia maji. Alilia usiku?"

Pima alifikiri. "Hakuwahi kulala chali, Bibi. Na kila kuni zilipopasuliwa alitoka nyumbani, akarudi zikishaisha."

Bibi alitikisa kichwa, kwa namna ambayo haikuonyesha kama ni ya kusamehe au ya kuhesabu. Akamwambia Kaka, "Toa hilo dude mlangoni." Kaka aliling'oa shoka kwa kulipinda huku na huku, likatoka na kibanzi kirefu. Bibi akausogelea mlango, akaupapasa kutoka juu kwenda chini mpaka akalikuta Jeraha. Akaingiza kidole cha shahada. Kilifika kwenye kiungo cha pili, kikagusa chuma. Akakitoa, akapapasa pembeni kidogo, kwenye mti mbichi uliokuwa bado una majimaji ya damu, akakiingiza tena. Kidole chote kilipotea.

"Mwanangu," alisema. "Hili lako limeingia zaidi."

"Mama, walimuua baba."

"Walimuua mume wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mke, mimi ndiye niliyemwosha. Nimekuacha miaka hamsini umbebe peke yako kwa sababu ulikuwa mtoto na nilikuonea huruma. Nilikosea." Alimtafuta kwa mkono, akamkamata kifundo cha mkono, na yule mzee mzima, mwenye povu kavu shavuni, akakubali kuvutwa. Bibi alivikunja vidole vya mwanawe vyote akaacha kimoja, kama mzee alivyowafanyia watoto wake, akakitia ndani ya pengo jipya mpaka mwisho.

"Sema," alimwamuru.

Nje kwenye ngazi Kitasa alikuwa amepita mkono kiunoni mwa Pima, amekwisha kumwinua, lakini hakupiga hatua. Majirani wawili walikuwa wametoka kwenye milango yao na kusimama. Kitambaa kilikuwa kinadondosha. "Twende," Pima alinong'ona, na yeye akasema, "Ngoja. Kidogo tu."

Kisha sauti ya Baba ikatoka, imepasuka, ikianza yale maneno ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiyasema yeye mwenyewe.

"Hapa ndipo," alisema, akakwama.

"Maliza," Bibi alisema.

"Hapa ndipo nilipotaka kumuua mkwe wangu."